Uzi: Programu ya kusafishia picha za RAW kwa sisi wa Mtwara na Lindi, tuchague kwa kuangalia nini?

Mikindani_Pwani

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa.

Kila kijana wa huku anapouliza asafishie wapi picha zake za RAW, hujibiwa neno moja: Lightroom. Baada ya muda mfupi anakabidhiwa flashi yenye nakala iliyokrakiwa, na mjadala umekwisha. Naona tunawadhulumu vijana. Programu ya RAW ndiyo itakayobeba kazi zako zote, harusi za Shangani, mahafali, maulidi, mnada wa korosho, na huwezi kuichagua kwa sababu tu jirani anayo. Naomba tuzungumze kwa kina, kila mtu aseme anatumia nini na kwa nini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnikosoe vizuri. Kwa wengi wetu Kusini, programu bora ni ile inayofunguka kwenye kompyuta uliyonayo leo, na itakayofunguka tena miaka kumi ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Rangi nzuri zinafuata baada ya hapo.

Kwa wageni: ukipiga JPEG, kamera imeshakuamulia. RAW ni korosho ghafi, JPEG imeshabanguliwa na kukaangwa. Ukiikuta imeungua huna pa kurudi. Sasa tuseme mnatoka msikitini saa saba mchana, jua la Januari, kanzu nyeupe, ukuta wa chokaa nyuma, na uso wa bwana harusi umefichwa na kivuli cha kilemba. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 12 ina 4,096, ya biti 14 ina 16,384. Kwa hiyo unapunguza mwanga wakati wa kupiga ili kanzu isiungue, halafu nyumbani unauinua uso, na ngozi inabaki ngozi badala ya kugeuka majivu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kihisi cha kamera hakioni rangi zote. Kila kijicho chake kina kichujio cha rangi moja: nusu ya vijicho ni kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa mpangilio wa Bryce Bayer wa Kodak uliopewa hataza mwaka 1976. (Wenye Fujifilm za X-Trans, mpangilio wenu ni mwingine, na hilo linaathiri programu mtakayochagua.) Rangi mbili zinazokosekana katika kila kijicho zinakokotolewa na programu. Ndiyo maana NEF moja (faili la RAW la Nikon) ukiifungua kwenye programu tatu unapata picha tatu. Mtu akisema "hii ina rangi nzuri kuliko ile", mara nyingi amelinganisha mwonekano wa kuanzia tu, ule uliochaguliwa na watengenezaji. Uwezo wenyewe wa programu bado hajaugusa.

Lightroom ya Adobe ni programu nzuri, silifichi hilo. Ilitoka 2007, na 2017 ikagawanyika: Lightroom Classic inayokaa kwenye kompyuta yako, na Lightroom nyingine inayopandisha picha zako kwenye seva zao. Ya mwisho ya kununua mara moja ilikuwa Lightroom 6 ya 2015, na ilipofika Desemba 2017 wakaacha kuiongezea kamera mpya. Tangu hapo ni kulipa kwa dola mwezi hadi mwezi, au mwaka mzima. Ukiacha kulipa, Classic inaendelea kukuonyesha picha na kukuruhusu kuzitoa, ila sehemu ya kusafishia inafungwa. Hapo ndipo mimi ninapokataa. Kipato chetu kina misimu. Korosho zikilipa, harusi zinajaa. Ikifika Machi, simu haiiti. Siwezi kuruhusu uwezo wa kugusa kazi zangu za zamani utegemee kama mwezi huu nimepata oda.

Nilikoenda ni kwenye programu huria, na ziko mbili za kuzungumzia.

darktable ilianza 2009, mwanzilishi ni Johannes Hanika. Kwenye Windows ilifika Desemba 2017, kabla ya hapo ilikuwa Linux na Mac. Ina nguvu ya kutisha: maski (njia za kuchagua sehemu moja ya picha) za kila aina, rangi unazitawala hadi kwenye chembe. Lakini inataka kompyuta ya maana, RAM GB 8 ndipo unapumua, na ukiwa na kadi ya grafiki inayoendana nayo inakimbia kweli. Pia inataka ujifunze. Mtu aliyezoea slaida za Lightroom akiingia humo siku ya kwanza atatoka amechukia. Ajipe muda, aanze na moduli chache: mwanga, waiti balansi, sigmoidi (mkunjo wa mwanga), lenzi, kupunguza chenga (zile punje zinazojitokeza ukipiga gizani). Hizo tano zinatosha harusi nzima.

RawTherapee ni ya Gábor Horváth wa Hungaria, aliianza 2004 na 2010 akaiachia kwa leseni huria. Hii haihitaji kadi ya grafiki kabisa, inatumia prosesa. Kwenye mashine ya kawaida naiona tulivu kuliko darktable. Kwa maelezo madogo madogo, mfano nakshi za milango ya Mikindani au sura ya kinyago cha Kimakonde, sijaona ya bure inayoizidi, maana inakupa njia kadhaa za kukokotoa zile rangi zinazokosekana na unachagua mwenyewe. Kurekebisha sehemu moja ya picha kulikuwa udhaifu wake hadi toleo la 5.9 la 2022 lilipoleta marekebisho ya eneo.

Zote mbili haziligusi faili lako la asili. Kila ulichofanya kinaandikwa kwenye faili dogo la pembeni, XMP kwa darktable na pp3 kwa RawTherapee, linalokaa folda moja na picha. Ukihamisha folda kwenda diski nyingine, kazi yako inahama nayo.

Karibuni.

Bi_Picha_Lindi

Kaka Mikindani, uzi mzuri, ila naomba niupinge bila kuzunguka.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Lindi mjini na hii ndiyo inayosomesha wanangu. Ijumaa send-off, Jumamosi ndoa na sherehe, Jumapili familia ya bwana harusi nao wana shughuli yao ng'ambo Kitunda. Jumatatu asubuhi mama wa bi harusi ananipigia: "Mwanangu, picha vipi?" Nina mamia ya picha za kuchagua, kusafisha na kutuma. Lightroom Classic ninalipia kwa pesa yangu, kwa kadi ya simu, na gharama hiyo imo ndani ya bei ya kila kazi kama ilivyo nauli na betri. Mnasema darktable ni ya bure. Muda wangu si wa bure.

Nikibonyeza mara moja inanichagulia uso wa mtu, nikibonyeza tena inachagua nguo tu. Picha moja nikiipatia, nainakili kwa zote za meza ile ile. Na ile ya kuondoa chenga imeniokoa kwenye kumbi ambazo MC anazima taa kubwa na kubaki na zile za rangi, ISO iko 6400 na bado giza.

Na hili la intaneti lisemwe kwa haki. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, nchi nzima tulihangaika. Mimi niliendelea kusafisha kama kawaida, kwa sababu mpango wa mwaka unakuruhusu kukaa hadi siku 99 bila kuingia mtandaoni. Kilichonishinda ni kutuma picha kwa wateja, na hilo hata mwenye darktable lilimshinda. Mwezi ule, baada ya Kimbunga Hidaya, hata barabara ilikuwa imekatika Somanga, kwa hiyo albamu za kutoka Dar zilikwama. Tusiibebeshe programu lawama za barabara na bahari.

Ila jambo moja nakuunga mkono, tena kwa nguvu kuliko wewe mwenyewe ulivyosema. Ile Lightroom ya kupandisha picha juu siitaki kwa kazi fulani. Nimewahi kualikwa na kina mama kupiga picha siku ya kutoka kwa wali wa unyago. Ruhusa niliyopewa ni ya kupiga na kuwakabidhi wao. Picha za mabinti wale hazina ruhusa ya kwenda kukaa kwenye seva ya mtu yeyote, hata kama ina nywila kumi. Vijana wanaojiunga na mpango wowote waangalie kwanza kama picha zinapanda zenyewe bila wao kujua.

Mikindani_Pwani

Dada, umeniweka sawa kwenye hizo siku 99, na hoja ya muda naikubali kwa mtu mwenye wingi wa kazi kama wako. Mtu anayelipia kihalali na programu inamrudishia pesa, sina neno naye. Ninaowalenga ni wale wengi wanaopiga harusi moja kwa mwezi.

Kuhusu unyago, umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa juu kabisa ya uzi huu.

Niguse taa za ukumbi, kwa sababu hapo watu wanalaumu programu wakati kisa kiko kwingine. Zile taa za LED za zambarau na bluu zinatoa mwanga wa wigo mwembamba sana. Vijicho vya bluu vinajaa hadi pomoni huku vya kijani na vyekundu vikiwa karibu tupu. Kwenye skrini ya kamera histogramu (grafu ya mwanga) ya jumla inaonyesha uko salama, kumbe bluu imeshapasuka. Uso wa bi harusi unakuwa bonge la rangi moja, hauna pua wala shavu. Hakuna programu duniani inayorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa.

Cha kufanya ni kuwasha histogramu ya rangi tatu kwenye kamera na kupunguza mwanga hadi bluu isiguse ukingo, hata kama picha inaonekana nyeusi mno. Baadaye, kwenye darktable kuna moduli ya urekebishaji wa rangi, iliyoingia toleo la 3.4 mwishoni mwa 2020, ina sehemu ya kubana rangi zilizovuka mpaka, mashavu yanarudi. Ikishindikana kabisa, geuza iwe nyeusi na nyeupe ukitumia zaidi ile rangi ambayo haikupasuka. Wateja huku wanazipenda kuliko tunavyodhani.

Kuhusu chenga: kwa uaminifu, darktable ina vipimo vya chenga vya kila kamera na inafanya kazi safi hadi ISO 3200 hivi kwa jicho langu. Juu ya hapo, zile zinazotumia akili bandia, kama ya Adobe au DeepPRIME ya DxO ya Ufaransa, zinaizidi. Lakini jaribu kuziendesha kwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki, utapika chai na kuinywa yote picha moja haijaisha. Mwenye flashi ya kurushia mwanga darini na aitumie kwanza.

Na kuchagua picha, ambako ndiko muda unakoliwa hasa, si lazima kufanyike ndani ya programu ya kusafishia. Karibu kila faili la RAW lina JPEG iliyofichwa ndani yake, ile unayoiona nyuma ya kamera. digiKam, ambayo ni ya bure, inakuonyesha hiyo haraka sana. Chagua humo, weka nyota, futa zilizofumba macho, ndipo upeleke zilizobaki kusafishwa.

FundiMasasi

Nimesoma yote. Mimi si mpiga picha, ninatengeneza kompyuta hapa Masasi, na wapiga picha ni wateja wangu wakubwa. Nawapa upande wa mashine.

Laptopu nyingi ninazoletewa ni zile zilizotumika, i5 za kizazi cha tatu au cha nne, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Mtu analalamika Lightroom nzito, au darktable inajifunga. Kabla hujabadilisha programu, badilisha diski iwe SSD na RAM iwe GB 8. Hapo nimeona mashine za watu zikifufuka. Kisha angalia kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu programu zote tunazozijadili hapa matoleo yake ya sasa hayakubali biti 32.

La pili ni skrini, na hapa nawasihi. Laptopu za bei nafuu nyingi zina skrini yenye rangi ya ubaridi, kila kitu kina bluu kidogo, na ukiinamisha mfuniko picha inabadilika kutoka giza kwenda mwanga. Mtu anaongeza joto la rangi hadi uso upendeze kwake, anapeleka kuchapisha, albamu inarudi ya njano kama manjano ya pilau. Analaumu maabara. Kile kifaa cha kupimia skrini ni ghali kwa mtu mmoja, ila watu watano wa mji mmoja wakichangia wanakizungusha. darktable na RawTherapee zote zinasoma wasifu wa skrini kinachouandika.

La tatu, nakala zilizokrakiwa. Maelekezo yake karibu yote yanaanza na "zima kinga ya virusi". Jamani. Umefungua mlango mwenyewe, umemkaribisha usiyemjua, na ndani kuna picha za harusi za watu ambazo hazirudiwi. Kuna studio moja, siitaji hata wilaya, iliniletea mashine ambayo mafaili yote yamefungwa kwa nywila na kuna barua ya kudai dola. RAW za wateja, zote. Hawakuwa na nakala nyingine. Sikuweza kuwasaidia kitu. Programu za bure zipo, tena kihalali, sioni sababu ya mtu kuendelea kujiweka kwenye hatari ile.

Kilwa_Zamani

Salaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, nimestaafu ualimu, ninapiga magofu na nyumba za kale: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Boma la Mikindani. Niruhusuni nizungumzie miaka mingi ijayo.

Wengi mnajua habari za Tendaguru, hapa hapa mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi mikubwa kati ya 1909 na 1913. Picha za babu zetu wakichimba, na wakibeba mifupa ile kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, bado tunaziona leo. Zaidi ya miaka mia. Hakuna aliyehitaji programu ya kampuni fulani kuzitazama. Mimi najiuliza kuhusu CR2 (RAW za Canon) na NEF zangu: mjukuu atazifungua na nini?

Kampuni nyingi za kamera haziandiki hadharani jinsi mafaili yao yalivyopangwa. Tunaweza kuyasoma nje ya programu zao kwa sababu kuna watu walikaa wakayachambua. Dave Coffin alianza dcraw mwaka 1997, msimbo wake uko wazi, na programu nyingi za bure zimesimama juu ya kazi yake, ikiwemo maktaba ya LibRaw iliyotokana nayo. Msimbo ulio wazi haufi kampuni ikifilisika. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwa upande wa mwenye uzi.

Adobe nao, nawapa haki yao, walitoa muundo wa DNG mwaka 2004 na maelezo yake yako wazi kwa kila mtu. Kibadilishi chao cha DNG ni cha bure hata kama hulipii kitu kingine. Kina faida nyingine: mwenye Lightroom 6 aliyoinunua zamani kihalali na sasa ana kamera mpya, akibadilisha mafaili yake kuwa DNG, ile ya zamani inayasoma.

Mwenyewe ninafanya hivi. RAW ya asili siifuti kamwe. Picha ninazoona zina thamani kwa mji, ninazitoa pia kama TIFF ya biti 16, kwa sababu TIFF imekuwepo tangu 1986 na kila kitu kinaisoma. Halafu nakala inakaa nyumba nyingine, si chumba kingine cha nyumba hiyo hiyo. Ukuta wa ngome ya Gereza, Kilwa Kisiwani, unazidi kuliwa na bahari, na picha ya leo ndiyo ushahidi wa hali yake leo. Siwezi kuiacha ndani ya katalogi (daftari la programu) inayofunguliwa na kampuni moja tu.

Bi_Picha_Lindi

Mwalimu shikamoo. Hilo la TIFF sikuwahi kulifanya, nilikuwa ninaishia JPEG kubwa. Kwa picha za wazee na nyumba za Lindi ya zamani nitaanza.

Naongeza kwa wenye Lightroom Classic: mipangilio yenu yote inakaa ndani ya katalogi. Ingieni kwenye mapendeleo ya katalogi, washeni chaguo la kuandika mabadiliko kwenye XMP. Katalogi ikiharibika, kazi yenu inabaki pembeni ya picha. Lakini msidhani XMP hiyo mkiipeleka darktable picha itatoka vile vile. Itasoma nyota na maneno muhimu, na vitu vichache kama kukata picha. Slaida zenyewe kila programu inazielewa kivyake.

Mikindani_Pwani

Marahaba ya mwalimu na mimi naidandia, shikamoo mwalimu.

Ni kweli, na si Adobe peke yao. Hata pp3 ya RawTherapee haisomeki darktable. Ukihama programu, unahama na RAW tupu pamoja na picha ulizokwisha kuzitoa. Tofauti ninayoijali ni kwamba toleo la darktable nililotumia mwaka fulani naweza kulihifadhi kwenye diski ile ile ya picha na kulisakinisha tena wakati wowote, hakuna wa kuniuliza kama nimelipa.

Newala_Juu

Wakuu, samahanini, mimi sina kompyuta. Nina simu inayopiga RAW, inatoa DNG. Napiga ukungu wa asubuhi huku juu Newala, bonde la Ruvuma likiwa chini. Nina nafasi kweli kwenye huu uzi au nisubiri?

Mikindani_Pwani

Una nafasi, kijana wetu, na hilo bonde hakuna wa kukuzidi kulipiga, maana unaishi hapo.

Weka Snapseed. Ni ya Google tangu 2012, bure, na ukifungua DNG inakuletea kwanza ukurasa wa kusafishia RAW: mwanga, sehemu angavu, vivuli, waiti balansi. Kwa ukungu, shusha sehemu angavu kidogo na usiguse sana ile ya kuongeza ukali wa muundo, itaufanya ukungu uonekane mchafu. Lightroom ya simu nayo ni nzuri, ila kusafisha RAW ulizoziingiza humo kunahitaji ulipie. Jambo moja la kulinda: DNG ya simu inaweza kuzidi MB 20, kwa hiyo usiziache zipande zenyewe mtandaoni kwa bando lako. Hamishia kwenye memori kadi, na ukipita Mtwara mjini au Masasi tafuta mtu akutunzie kwenye diski. Siku ukipata kompyuta, DNG hizo hizo zitafunguka RawTherapee na utazisafisha upya kwa ubora zaidi.

Nachingwea_Mpya

Nashukuru kwa uzi. Nina Canon 4000D na lenzi yake ya 18-55, laptopu RAM GB 4, Windows ya biti 64. Ijumaa nina kipaimara cha mtoto wa shangazi, ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Nisome yote haya au kuna wa kunielekeza moja kwa moja?

FundiMasasi

Ukiweza kufika Masasi kabla ya Ijumaa, RAM ya kuongeza ninayo, nitakufungia. Usinunue laptopu nyingine kwa sasa.

Mikindani_Pwani

Hongera kwa kazi ya kwanza. Piga RAW pamoja na JPEG, kamera yako inaruhusu. Hiyo JPEG ni ya kumtumia shangazi siku ile ile, RAW ni ya albamu.

Ukirudi nyumbani, kabla ya chochote, nakili kadi nzima mahali pawili. Usiifute kadi hadi mteja amepokea.

Kwa GB 4 sahau darktable kwa sasa. Una njia mbili za bure. Ya kwanza ni Digital Photo Professional ya Canon wenyewe, inawatolea wenye kamera zao, utahitaji namba iliyo chini ya kamera kuipakua. Inatoa rangi zile zile unazoziona nyuma ya kamera, na kwa mtu wa kwanza hilo ni jambo kubwa. Wenzako wa Nikon wana NX Studio tangu 2021, wa Sony wana Imaging Edge. Udhaifu wa DPP ni mwendo, inakwenda polepole, na vifaa vyake ni vichache.

Ya pili ni RawTherapee, na ndiyo ningekushika mkono uingie nayo. Fungua picha moja tu ya kanisani, funga kivinjari na kila kitu kingine. Chagua wasifu wa kuanzia ule unaolinganisha mkunjo wa mwanga na JPEG ya kamera; mara moja picha itafanana na uliyoiona. Kisha nenda kwenye waiti balansi, chukua kifaa cha kuchagulia rangi, bonyeza kwenye shela nyeupe au kitambaa cha altare sehemu yenye kivuli, si sehemu iliyoungua. Mwanga wa dirishani na taa za ndani vitagombana, kwa hiyo pendelea uso, achia ukuta uwe wa rangi yoyote. Washa marekebisho ya lenzi, lenzi yako imo kwenye Lensfun, orodha ya vipimo vya lenzi ambayo programu inaitumia. Chenga acha zilivyo hadi umeitazama kwa asilimia mia.

Picha hiyo ikishakaa sawa, nakili wasifu wake, bandika kwenye picha zote za mahali pale pale na mwanga ule ule. Zikihamia nje kwenye jua, anza upya na moja. Zipange zote kwenye foleni ya kutolea, bonyeza, nenda kale. Mashine ifanye kazi peke yake.

Ukikwama kwenye hatua yoyote kabla ya Ijumaa, weka hapa picha ya skrini, na utaje toleo la programu. Mimi au dada wa Lindi tutakujibu.

Bi_Picha_Lindi

Nipo. Na mwanangu, weka betri ya pili kwenye chaji tangu Alhamisi mchana, usisubiri usiku.